Kanyagio Lililonyamaza

Jambo la kwanza ambalo mtu hulitambua kwa Fundi Sikio ni shavu lake. Humkuti akiichungulia cherehani kama mafundi wengine. Utamkuta amelaza shavu la kushoto juu ya meza ya cherehani, macho kayafumba, mkono wa kulia unazungusha gurudumu polepole, na uso umetulia kama wa mama anayesikiliza pumzi za mtoto aliyelala. Mteja mgeni hudhani mama wa watu kazidiwa na joto. Wapo waliowahi kutoka mbio kumtafutia maji.

"Msimguse," wifi yake huwaambia kutoka kwenye kona yake ya kushonea. "Yuko kazini huyo. Akianza kukoroma ndiyo mumwamshe."

Baada ya dakika moja au mbili Fundi hunyanyua kichwa, alama ya ukingo wa meza ikiwa imebaki shavuni, na kutaja ugonjwa. "Jino moja la gia limelika, hapa chini." Wakifungua, ni kweli jino moja la gia limelika, hapohapo chini.

Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akitengeneza mitambo ya kiwanda cha nguo. Mjomba hakuwa na mchezo. Alimfunga kitambaa machoni, akawasha cherehani kumi na mbili kwa zamu, akamtaka ataje ni ipi yenye skrubu iliyolegea. Wiki ya kwanza msichana alilia. Wiki ya tano aliitaja skrubu yenyewe. Sasa ana miaka hamsini na sita, ni mjane, watoto wake wawili wanajitegemea, na kwa miaka thelathini na minne hajawahi kurudisha cherehani yenye mlio kwa mwenyewe. Kwake mlio ni malalamiko, na cherehani iliyopona haina la kusema isipokuwa ule mdundo mdogo wa sindano ikipenya kitambaa.

Ndiyo maana dukani kwake hamna redio. Muuza vifaa vya shule wa mlango wa kushoto alishaombwa kupunguza sauti mara nyingi hata akachoka kununa. Mchomelea vyuma wa mlango wa kulia hawezi kupunguza chochote, kwa hiyo Fundi huzingoja saa zake za mapumziko ili afanye kazi ngumu. Kwa njia hiyo mwanamke mwenye masikio makali kuliko wote mtaani alifika utu uzima bila kukaa chini hata siku moja kusikiliza muziki.

Asubuhi moja ya Jumanne aliingia mzee mrefu, mwenye miguu kama ngazi, amekumbatia mfuko wa plastiki kwa mikono miwili.

"Hapa ndipo hospitali?" akauliza.

"Ndipo," wifi akajibu bila kuacha kushona. "Mgonjwa nani, wewe au mfuko?"

"Mfuko. Mimi nilishakata tamaa zamani."

Akatoa kitu cha chuma: ubao wa kukanyagia, mnyororo mfupi, springi, na kijinyundo chenye kichwa cha sufu. Akakiweka sakafuni, akakikanyaga. Kijinyundo kikaruka mbele, lakini kabla hakijafika mwisho wa safari yake kikalia: kwiii.

"Mzee wangu," Fundi akasema, "hii si cherehani."

"Najua. Ni kanyagio la ngoma kubwa. Lakini lina springi, lina mnyororo, na linapiga kelele. Nimelipeleka kwa fundi baiskeli, kalijaza mafuta mpaka soksi zangu zimelowa, mlio uko palepale. Huko ndiko nilikoambiwa, nenda kwa mama anayelala juu ya cherehani."

Wifi aliangua kicheko hadi uzi ukakatika.

Mzee yule alikuwa mpeleka barua kwa miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo watu humwita Posta. Alieleza shida yake akiwa amesimama, kama mtu anayesoma telegramu. Wako wanne. Wamepiga jazi pamoja kwa miaka arobaini, kila Jumapili saa kumi alasiri, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Hawajawahi kurekodiwa hata wimbo mmoja. Sasa redio imewasikia, imependa, na inakuja kuwarekodi.

"Siyo Jumamosi hii. Ile ya wiki ijayo," akasema. "Lakini mtu wao wa mitambo alivaa vile vidude vyake masikioni, akatusikiliza, akasema jukwaani kuna panya."

"Panya?"

"Ndiyo hili kanyagio, mama. Kasema mlio huu utaingia kwenye kila wimbo. Ukiondoka, wanarekodi. Ukibaki, wanakunja nyaya zao wanakwenda. Na sisi hatuna miaka mingine arobaini."

Fundi alilaza kanyagio juu ya meza, akalaza shavu kando yake, akafumba macho. Posta akafungua mdomo. Wifi akamwonyesha kidole cha kumnyamazisha.

Tundu la ekseli lilikuwa limelika upande mmoja. Fundi alitafuta katika makopo yake, akang'oa kipete cha shaba kwenye cherehani iliyokufa zamani, akakichonga, akakipachika, akaweka na kipande cha sufu. Ilimchukua asubuhi nzima. Posta alipokanyaga tena, kijinyundo kilikwenda na kurudi kimya kama paka.

"Halisemi!" Posta akasema kwa mnong'ono. Akakanyaga mara kumi. "Mama, halisemi kabisa! Jumapili njoo. Njooni wote wawili. Mkae mbele."

"Mimi si mtu wa muziki, mzee wangu."

"Njoo usikilize kazi yako isivyosikika," Posta akamjibu.

Ukumbi wa wafanyakazi wa reli ulikuwa na viti vya mbao vinavyokunjwa, madirisha marefu, na sakafu ya mbao iliyochakaa katikati kwa kukanyagwa. Watu hawakuzidi hamsini, wengi wao wenye mvi, na walikaa kwa namna ya watu wanaojua kila mmoja kiti chake. Wifi alikuwa amevaa gauni lake la arusi za watu. Akainama sikioni mwa Fundi.

"Wifi, wakianza kulala wale wazee tutatokaje?"

Maana walipopanda jukwaani, kweli hawakutia matumaini. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mama aliyefundisha hesabu mpaka alipostaafu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akakaa kwenye piano na kuvisugua vidole vyake vilivyovimba viungo. Nyuma yake akaja Kinyozi, mzee mfupi mwenye saksafoni, ambaye saluni yake bado iko wazi siku tatu kwa wiki. Posta akajikunja nyuma ya ngoma zake, magoti karibu na kidevu. Wa mwisho alikuwa mtu mkubwa mwenye suti ya kijivu aliyewahi kuendesha treni, na jina lake ni hilohilo, Dereva. Alipita nyuma ya viti vya wenzake akigusa kila kiti, akalifikia besi lake, lile gitaa kubwa kama kabati ambalo hupigwa mtu akiwa amesimama. Akalikumbatia.

Hawakusalimia hadhira. Mbele yao hapakuwa na karatasi hata moja. Posta alivuta pumzi, wakaanza.

Fundi alisikiliza kwa namna pekee aliyoijua: alitafuta kilicholegea. Akakuta kila kitu kimelegea. Saksafoni ilichelewa. Piano ilidakia kabla ya kuulizwa. Visahani vya shaba vya Posta vilisugua kama mtu anayefagia chumba cha pili. Alikaa akingoja wagombane. Lakini muda ukapita na hawakugombana, na polepole, kama macho yanavyozoea giza, masikio yake yakaanza kuona. Kila mmoja alilegea kwa kadiri mwenzake alivyokaza. Kinyozi aliposogea nyuma, Mwalimu alisogea mbele; Mwalimu alipojaza, Posta alipunguza. Chini ya wote vilitembea vidole vinene vya Dereva, hatua kwa hatua, bila haraka, na juu ya hatua hizo wengine watatu walicheza kama watu wanaojua kwamba sakafu ipo.

Kisha Kinyozi alipiga vinoti vinne, vidogo tu, kama swali. Akarudia. Akarudia tena, na safari hii akapiga vitatu, akautoa mdomo kwenye saksafoni. Kinoti cha nne hakikupigwa na mtu yeyote, na ukumbi mzima ulikisikia. Mzee mmoja nyuma akaguna, "Ah!" kama aliyeguswa jeraha. Fundi aliona vinyweleo vya mikono yake vimesimama. Kwa miaka thelathini na minne aliamini kwamba anajua kusikia. Kumbe alikuwa amesikia vyuma tu. Hapa palikuwa na watu wanne wenye jumla ya karibu miaka mia tatu, viungo vimevimba, mapafu yamechoka, na waliweza kukufanya usikie kitu ambacho hawakukipiga.

"Wifi," akanong'ona, "unasikia?"

Mdomo wa wifi ulikuwa wazi, na mara hii haukuwa na utani ndani yake.

Wimbo wa tatu ulikuwa na vituo. Katikati ya mbio, wote wanne walisimama ghafla, pamoja, na ukumbi ukabaki kimya kabisa. Urefu wa kimya hicho aliuamua Posta peke yake, papo hapo, na hakurudia kipimo kile kile mara mbili. Baada yake wote walitakiwa kurudi kwa kishindo kimoja, kama mlango unaofunguliwa kwa teke. Kituo cha kwanza kikaja. Kimya. Mlango ukafunguliwa, na Dereva akaingia nyuma ya wenzake.

Ilikuwa tofauti ndogo mno, pengine nusu ya pumzi. Waliokaa karibu na Fundi hawakugeuka. Lakini kwa Fundi ilikuwa kama meno ya gia yaliyoruka. Akamtazama Dereva. Mtu yule mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa upande wa ngoma, shingo imenyooka, sikio linatafuta. Kituo cha pili kikaja. Sikio likatafuta tena. Posta akakanyaga kanyagio lililonyamaza, na Dereva akachelewa tena, mara hii zaidi, na jasho likamtoka.

Hapo Fundi akaelewa. Ule mlio ulikuwa ukitangulia pigo. Kwiii, halafu ngoma. Alikuwa ameusikia mwenyewe dukani: kabla kijinyundo hakijafika. Mzee huyu alikuwa akiungoja.

Kilichofuata wifi hukisimulia mpaka leo kwa wateja wanaokuja kuchukua sare, na hutia chumvi, ingawa hakihitaji. Kituo cha tatu kilipokaribia, wale watatu hawakutazamana. Kinyozi tu aliacha sauti moja nyembamba ikining'inia mahali pa kimya, kama anayeshika mlango usifungwe. Mwalimu akashuka na mkono wa kushoto mpaka mwisho wa piano, akapiga kule chini ambako Dereva angekuwa. Posta, ambaye ndiye mwenye kimya, akakitoa kimya chake: akakijaza kwa ngoma ndogo, tatata, tatata, akimhesabia mwenzake njia kwa sauti. Wakamchukua Dereva kama watu watatu wanavyomchukua wa nne aliyejikwaa, huku wakiendelea kutembea, huku wakicheka, ili wapita njia wadhani ni mchezo. Akaingia barabara. Ukumbi ukapiga makofi kwa kuona hapo ndipo palipokuwa pazuri kupita pote. Na palikuwa pazuri kweli. Fundi alipiga makofi akilia, kwa sababu aliona ni kitu gani kilichokuwa kimefanyika mbele ya macho ya watu hamsini, na ni nani aliyekisababisha.

Baada ya onyesho alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma, wifi akimfuata. Dereva alikuwa amekaa kwenye sanduku, mikono magotini.

"Nani alilitengeneza lile kanyagio?" alikuwa akiuliza.

"Ni mimi, baba," Fundi akasema kutoka mlangoni. "Na nimekukosea."

"Hukunikosea, binti yangu. Umefanya kazi safi mno, hiyo ndiyo shida." Akatabasamu upande ambao Fundi hakuwepo; alikuwa analitabasamia kabati la ukutani. "Zamani nilikuwa naangalia goti la huyu mrefu. Goti likipanda, najua kimya kimekwisha. Goti likaanza kufifia. Nikasema, haya, mlio upo, naingia na mlio."

Posta alishika kichwa. "Yaani miaka yote hii nauonea aibu ule mlio, kumbe wewe unautumia?"

"Miaka mitatu. Sikutaka mjue habari za macho."

"Mzee," Mwalimu akasema kwa sauti ya darasani, "macho tunajua. Unadhani nani anapanga viti vyetu kwa mstari kila Jumapili ili uvishike?"

"Mimi nilijua kabla ya mkeo," Kinyozi akadakia. "Ulikuja kunyolewa ukalisalimia koti langu pale ukutani. Ukaliuliza habari za wajukuu."

"Lilinijibu?"

"Lilikujibu vizuri tu. Lina adabu kuliko mimi."

Wakacheka wote, Dereva akacheka kuliko wote, kisha kicheko kikaisha.

"Sikilizeni," Dereva akasema. "Treni niliiacha siku ile niliyokosa kuona taa moja. Moja tu, na hakuna aliyeumia. Jumamosi mchukueni yule mpiga besi wa bendi ya polisi. Yuko vizuri. Nitakaa mbele niwapigie makofi."

"Haturekodi bila wewe," Posta akasema.

"Basi hamrekodi. Leo mmenibeba, na watu wameona ni raha. Redio itakuja kurekodi vile vimya, si kelele za kunificha mimi. Mkinibeba kila kituo, mtarekodi nini?"

"Rudisha mlio, mama," Posta akamgeukia Fundi. "Kile kipete king'oe."

"Na panya wa redio?" Mwalimu akauliza, na Posta akakaa chini.

Fundi alijisikia akisema, bila kujua maneno yalikotoka, "Nipeni mpaka Alhamisi. Msimwambie yule mpiga besi wa polisi chochote."

Njiani wifi alimtazama kwa jicho la pembeni. "Una mpango?"

"Sina."

"Nilijua. Ulisema kwa kujiamini sana."

Jumatatu ikapita. Fundi alifungua kanyagio na kulifunga, akatengeneza mlio mdogo zaidi, akaufuta. Sauti yoyote ambayo Dereva angeweza kuisikia, vidude vya redio vingeisikia pia. Jumanne mchana mchomelea vyuma alikuwa na mageti sita ya kumaliza, na duka lilijaa kishindo mpaka makopo yakatetema kwenye rafu. Hakukuwa na maana ya kulaza shavu popote. Fundi alikaa na kumtazama wifi akishona kola, kimya ndani ya kelele, miguu ikipanda na kushuka kwenye kanyagio. Ghafla wifi akasimamisha gurudumu, akainua mguu wa sindano. Uzi wa chini ulikuwa umekatika.

"Umejuaje?" Fundi akapiga kelele.

"Nini?"

"Uzi! Umejuaje kama umekatika? Hukuuona, na hapa hakuna anayesikia kitu!"

Wifi akamshangaa. "Miguuni, wifi! Kanyagio linakuwa jepesi. We fundi gani usiyejua hilo?"

Fundi hakulijua. Cherehani alizitengeneza maisha yake yote, lakini hajawahi kushona gauni zima. Akainuka, akambusu wifi kwenye paji la uso, na kabla wifi hajauliza anaumwa nini alikuwa ameshapanda kwenye ngazi kushusha mikanda ya ngozi ya cherehani za miguu.

Alichounda kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukitenda. Ubao mwembamba, mrefu kama rula mbili, ulilazwa chini ya zulia la jukwaa mpaka mahali anaposimama Dereva. Mkanda wa ngozi uliunganisha ubao huo na kanyagio la Posta, ukipita kwenye kigurudumu kidogo. Posta akianza tu kushusha mguu, hata kabla kijinyundo hakijaikaribia ngoma, ncha ya ubao iliinuka na kugonga wayo wa Dereva. Ncha aliivika sufu. Cha kwanza kiligonga kwa sauti. Cha pili kilikuwa kimya, lakini Posta, aliyeitwa kukijaribu Jumatano, alilalamika.

"Mama, hapa najihisi kama napanda mlima kwa baiskeli."

"Barua ulipelekaje?"

"Kwa mteremko!"

Akalegeza springi. Cha tatu kilikuwa chepesi.

Alhamisi alasiri ukumbi ulikuwa mtupu. Fundi alipiga magoti jukwaani, akalitandaza zulia. Dereva akakanyaga, akangoja, akatikisa kichwa.

"Kiatu kinene. Sihisi kitu."

"Vua, baba."

"Mbele ya Mwalimu?"

"Nimefundisha madarasa ya watoto sitini," Mwalimu akasema. "Soksi haitanishinda."

Akavua kiatu cha kushoto, akasimama na suti yake ya kijivu na soksi moja yenye kiraka kisigino, mtu mkubwa kama mlango, na hakuna aliyecheka. Posta akakanyaga mara moja, taratibu. Uso wa Dereva ukabadilika. Macho yake yasiyoona vizuri yakafunguka wazi, kama mtu aliyeguswa begani na rafiki kwenye umati.

"Yuko hapa," akasema. "Posta yuko hapa, chini ya mguu wangu."

Wakapiga ule wimbo wenye vituo. Kimya cha kwanza kilikuwa kirefu. Posta alikivuta kwa makusudi, akakivuta, mpaka Fundi akasikia damu ikipita masikioni mwake mwenyewe. Mlango ukafunguliwa, na wote wanne walikuwa mlangoni. Fundi alikuwa bado amepiga magoti kando ya zulia, na kishindo kile kilimwingia kupitia sakafu, magotini, mbavuni, mpaka kwenye meno. Hakuinuka. Aliogopa kwamba akisogea kitu hicho kitavunjika. Alikuwa karibu nao kiasi cha kuona mshipa wa shingo ya Kinyozi, kuona Mwalimu akitabasamu bila kutazama popote, kuona vidole vya Dereva vikielea juu ya uzi wa besi wakati wa kimya bila kuugusa, vikingoja. Watu hawa walikuwa wamefanya hivi kwa miaka arobaini, mbele ya viti vya kukunja, na dunia haikuwa na habari.

Walirudia mara sita. Mara tano Dereva aliingia sawasawa na wenzake. Mara ya sita alichelewa.

Fundi aliulaza wayo wake mwenyewe pale, akaupima mkanda kwa vidole. Ulikuwa umelegea kidogo, au labda haukulegea. "Ni ngozi," akasema. "Inanyumbuka ikipata joto."

"Au ni mguu," Dereva akasema. "Mguu nao una miaka sabini na nne."

"Ni ngozi, baba."

Dereva akavaa kiatu chake. Mwalimu alikuwa ameshika barua ya redio mkononi, ile yenye nafasi ya kuandika majina ya wapigaji wanne. Majina matatu yalikuwa yameshajazwa. Dereva akanyoosha mkono hewani.

"Nipe kalamu. Unionyeshe mstari uko wapi."

Mwalimu akamwekea ncha ya kalamu mwanzoni mwa mstari. Dereva akaandika jina lake kwa herufi kubwa, likapanda kidogo upande wa mwisho.

Ijumaa Fundi aliinyoosha mikanda mitatu mipya kwa kuifunga mawe na kuining'iniza mlangoni tangu asubuhi mpaka jioni, ili isinyumbuke tena. Wifi akabandika karatasi: Kesho hatufungui, tunakwenda kurekodi.

"Sisi?" Fundi akauliza.

"Mimi ndiye mwenye miguu iliyojua, wifi. Usinisahau ukishakuwa maarufu."

Jumamosi walifika ukumbini saa saba, wakati redio iliahidi kuja saa tisa, na wakawakuta wale wanne wameshafika. Fundi alifunga mkanda mpya, akaupima, akaupima tena, akakaa nyuma ya ngoma na mikanda miwili ya akiba mapajani. Mtu wa mitambo alikuwa amekubali kwa simu akae hapo mradi asikohoe. Dereva alikuwa ameshavua kiatu. Soksi ya leo ilikuwa mpya.

Saa tisa kasoro dakika kumi ikasikika gari uani. Kinyozi akaulowesha mdomo wa saksafoni. Milango ya gari ikafunguliwa, ikafungwa. Nyayo za watu wenye mizigo zikaanza kupanda ngazi.

"Ni wao?" Dereva akauliza.

"Ni wao," Posta akasema, na chini ya zulia, mara moja, taratibu, akaugonga wayo wa Dereva.